Bendera Kumi na Moja

Sajini Ngaire Paewai wa polisi aliushika mwanzi kwa mikono miwili, akautikisa kwa nguvu. Haukucheza. Bendera nyekundu iliyofungwa juu yake ilipepea kidogo, basi.

"Huu nani aliuchimbia?"

"Mimi," alijibu Bryn Cathcart. "Zote nilizichimbia mimi, wiki tatu zilizopita. Unatoboa kwa keekee ya mkono, kina cha mkono mzima mpaka begani, halafu unashindilia theluji kwa kisigino. Ukiuacha legelege, upepo wa huku utaondoka nao."

"Nataka kuzipitia zote."

"Ziko arobaini."

"Basi tuanze."

Bryn hakubisha. Tangu Ngaire atue na helikopta asubuhi ile, mwongoza njia huyo alikuwa hajabishia neno lolote. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, ngozi ya uso imebabuka kwa jua na baridi, na alitembea kama mtu anayesubiri hukumu ambayo ameshajisomea mwenyewe.

Uwanda ulikuwa mweupe kila upande, hauna kilima wala kivuli. Mahema manne ya kambi yalikuwa nyuma yao, kilomita nne, madogo kama punje. Chini ya buti zao kulikuwa na barafu ya mita mia tatu na hamsini, ikielea. Chini ya barafu kulikuwa na bahari yenye giza. Chini ya bahari ndipo kilipokuwa kile kilichowaleta watu wanne kutoka New Zealand kuja kulala kwenye mahema: bonde kubwa lililozama, limejaa mashapo, tope na mchanga ulioshuka kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka mpaka ukawa tabaka juu ya tabaka. Hakuna aliyewahi kuliona. Walikuwa wakilitafuta kwa kulipua baruti ndogo ndani ya barafu na kusikiliza mwangwi unaorudi, na kwa kupima mvutano wa ardhi hatua kwa hatua.

Mpimaji wa mvutano alikuwa Hamish Orbell, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Otautau. Siku tano kabla, wakati wa ukungu, pikipiki yake ya theluji ilitumbukia kwenye ufa pamoja naye. Mwili ulikuwa kwenye kituo kikuu cha utafiti, ndani ya chumba cha baridi. Taarifa ya kiongozi wa kambi, Dokta Desmond Kilgour, ilikuwa na kurasa tatu, na ukurasa wa mwisho ulisema marehemu aliacha njia ya bendera kwa hiari yake, akaenda mita mia tatu mashariki, mahali alipokatazwa. Huko Christchurch, mkuu wa Ngaire alikuwa amemwambia aende, aangalie, asaini, arudi. Helikopta ingemfuata saa kumi jioni.

Walipita bendera ya tano, ya nane, ya kumi na mbili. Kila moja Ngaire aliitikisa. Nyuma ya kila mwanzi, upande wa kaskazini, upepo ulikuwa umejenga mkia wa theluji, mwembamba na mgumu, unaokaribia urefu wa mtu aliyelala.

"Dokta Kilgour ameniambia ulikuwa unagombana na Hamish," alisema Ngaire bila kumtazama.

"Ni kweli."

"Kuhusu nini?"

"Alishuka kwenye pikipiki akakojoa mbali na njia bila kamba. Nikamwambia akirudia tena nitampandisha ndege ya kwanza. Nilimtolea na maneno mengine, ya matusi." Bryn aligeukia bendera iliyofuata. "Amekwambia na habari ya wiski?"

"Amenigusia."

"Chupa moja, watu wanne, sikukuu ya kuzaliwa ya Teuila, fundi wetu. Mimi nilikunywa kifuniko."

"Rada ya kutafutia nyufa uliipitisha lini?"

Hapo Bryn alisimama. "Mwanzoni kabisa, kabla ya bendera. Nilipitisha njia hii yote, na mashariki yake pia. Njia hii ilikuwa safi. Mashariki kulikuwa na nyufa zimefunikwa, nikapachora kwa wino mwekundu kwenye ramani, nikawaambia wote: huku hakuna anayeweka mguu. Sasa kila siku nafungua zile picha za rada. Najiuliza labda kuna mahali kwenye njia ambapo sikupaona. Labda alihisi theluji inadidimia, akakwepa, akapotelea huko."

"Umepaona?"

"Bado."

Kwenye bendera ya kumi na tano, mwanzi ulicheza mikononi mwa Ngaire kama jino bovu.

Aliuacha. Alipiga magoti, akapangusa theluji kwa glavu. Mwanzi ulikuwa umeingia kiasi cha kiganja na nusu tu, na theluji iliyouzunguka ilikuwa imesukumwa kwa buti bila kushindiliwa. Akatazama upande wa kaskazini. Mkia wa theluji ulikuwepo, ila mfupi kama mkono wa mtoto, na alipougusa ulivunjika.

"Bwana Cathcart, hii nayo ni kazi yako?"

Bryn aliinama. "Hapana," alisema. "Hata ningekuwa nimelewa."

Ya kumi na sita ilikuwa hivyo hivyo. Na ya kumi na saba. Walipofika ya ishirini na sita, mwanzi ulisimama imara tena, mkia wake mrefu na mgumu, na kuanzia hapo zote zikawa imara mpaka ya mwisho. Ngaire alihesabu mara mbili akaandika: kumi na moja, kutoka ya kumi na tano mpaka ya ishirini na tano.

"Umepita hapa tangu siku ile?"

"Sijapita. Siku ile nilitokea upande wa pili, nikashuka kwenye ufa, nikamtoa. Jioni upepo mkali ukaja, ukafuta nyayo zote. Baada ya hapo sikutaka kupatazama."

"Nipeleke kwenye ufa."

Walifungana kamba, Bryn mbele akichoma theluji kwa fimbo ya chuma kila hatua. Mdomo wa ufa ulikuwa mpana kama mlango wa gari, kingo zake za buluu. Pikipiki ilikuwa bado chini, mita kumi na nane, imebanwa kwa ubavu. Ngaire alilala kifudifudi akachungulia kwa darubini.

"Daktari wa kituo anasema paja lilivunjika," alisema. "Alikufa kwa baridi na damu. Anakadiria saa moja mpaka mbili baada ya kuanguka."

"Anajuaje?"

"Ameniandikia kurasa nne za anajuaje. Ulimkutaje?"

"Amekaa. Mgongo kwenye ukuta wa barafu. Kipima mvutano amekipakata, amekifunika kwa koti lake." Bryn alikunja glavu yake ya kulia ngumi. "Mkono wa kulia ameshika spana ya pikipiki. Ilibidi nimfungue vidole."

"Spana ya nini? Hakuwa na cha kutengeneza."

"Hata mimi sikuelewa."

Ngaire alielekeza darubini kwenye ukuta wa barafu, juu kidogo ya pikipiki. Barafu ya buluu ilikuwa laini kama kioo isipokuwa sehemu moja, iliyopondwa ikawa nyeupe, ukubwa wa sahani. Aliitazama mpaka macho yakamchonyota kwa baridi.

"Nani alikuwa wapi siku ile?" aliuliza alipoinuka.

"Mimi na Teuila tulikuwa magharibi, kilomita mbili ng'ambo ya kambi, tunayeyusha mashimo ya baruti kwa maji ya moto. Boila lile likiunguruma husikii mtu, wala husikii redio isipokuwa king'ora cha dharura. Dokta alikuwa kambini."

"Na pikipiki?"

"Moja yetu, moja ya Hamish, moja ya Dokta."

*

Hema la vyombo lilikuwa na joto la jiko la mafuta na harufu ya supu ya pakiti. Teuila Faleolo, fundi wa vipokea mtikisiko, mwanafunzi wa udaktari wa falsafa chini ya Kilgour, alikuwa amekaa juu ya sanduku la betri. Alimkabidhi Ngaire kikombe cha chai na kipande kinene cha jibini.

"Kula kwanza, shangazi. Huku mtu asipokula anaanza kusema ovyo," alisema; kwao kila mwanamke mkubwa huitwa shangazi kwa heshima.

"Nimekuja kusikiliza wanaosema ovyo."

Teuila alikaribia kutabasamu. Mezani kulikuwa na daftari la Hamish, lililotolewa kwenye mfuko wa koti lake, kurasa zimekauka kwa mikunjo. Ngaire alilifungua kwenye ukurasa wa mwisho.

"Nisomee hizi namba kama unavyomsomea mtu wa mtaani."

"Kila mstari ni kituo kimoja. Anasimama, anaweka kipima mvutano juu ya theluji, anasubiri kitulie, anasoma. Mwamba mgumu ukiwa karibu, unavuta zaidi, namba inapanda. Mashapo ni mepesi, hayavuti sana, namba inashuka." Kidole chake kilishuka na mistari. "Hapa mpaka kituo cha kumi na nne, namba ziko tambarare, kama kila siku kwenye njia ile. Halafu kituo cha kumi na tano..." Akainamia ukurasa.

"Endelea."

"Zinashuka. Kumi na sita zinashuka zaidi. Huu ndio ukingo wa bonde. Ndio tunaoutafuta." Aliinua macho. "Lakini hauko kwenye njia. Dokta alikuwa anaota kwamba uko mashariki yake."

"Na hiki kijidude pembeni ya kila namba?"

Pembeni ya kila kituo Hamish alikuwa amechora kijiti chenye pembetatu ndogo.

"Bendera. Anaichora akipima mahali penye bendera. Akipima pasipo na bendera anachora msalaba, ili tujue kwamba mahali hapo ni makadirio."

"Kituo cha kumi na tano kina nini?"

"Bendera."

"Cha kumi na sita?"

"Bendera." Teuila alivuta daftari karibu na uso wake. "Cha kumi na saba bendera. Cha kumi na nane ameandika namba ya kituo, ameweka bendera, namba ya kipimo hakuna."

Jiko lilipumua.

"Kwa hiyo," alisema Ngaire polepole, "Hamish alipita kwenye ukungu, kutoka bendera hadi bendera, kama alivyofundishwa. Na bendera zilimpeleka juu ya ukingo wa bonde."

"Lakini bendera haziko huko."

"Leo haziko huko."

Teuila aliweka daftari chini kwa uangalifu mno, kama kitu cha udongo.

"Vipokea mtikisiko vyenu viko wapi?" aliuliza Ngaire.

"Masikio? Tunayaita masikio. Yamefukiwa pembeni ya njia ya bendera, arobaini na nane, waya mmoja mpaka kwenye kinasa."

"Siku ile yalikuwa yamezimwa?"

Teuila alifunga mikono yake katikati ya magoti.

"Dokta anadhani yalikuwa yamezimwa," alisema mwishowe. "Siku ya ukungu hatulipui, kwa hiyo tunazima kuokoa betri. Mimi sikuzima. Nataka kusikia barafu inavyolia maji yanapopanda na kushuka chini yake. Ni sura moja ya tasnifu yangu, yeye haipendi."

"Kinasa kiko wapi?"

"Nimekikalia. Kimo humu sandukuni."

"Umekisikiliza?"

"Hapana, shangazi." Macho yake yalikuwa makavu, mekundu. "Nilijua atakuwemo humo. Kuanguka kwake. Kila siku nasema kesho."

Ngaire alisogeza kikombe cha chai pembeni, akawasha kompyuta ya Teuila yeye mwenyewe, akamgeuzia.

"Tufungue pamoja."

Ilichukua karibu saa nzima. Mawimbi yalikuja kwenye skrini kama mistari arobaini na minane ya mwandiko wa mtu mwenye homa, na Teuila alikuwa akiitafsiri kwa sauti ya chini, ya kikazi, akishikilia ile kazi ili asishike kitu kingine. Hii ni pikipiki, kwa sababu mtetemo wake ni wa haraka na unahama kutoka sikio hadi sikio. Hii ni barafu yenyewe. Hii, saa sita kasoro dakika nane, mistari yote imeruka kwa pamoja.

"Hapo," alisema, akaweka kiganja mdomoni kwa muda mfupi. "Hapo ndipo alipoanguka."

Ngaire aliandika. "Twende mbele."

Saa sita na dakika ishirini, pikipiki nyingine, kutoka kambini, ikasimama karibu na ufa. Kimya cha dakika kumi na moja. Kisha, saa sita na dakika thelathini na moja, ikaenda mita mia tatu na kusimama kwenye njia, jirani kabisa na sikio moja, na sikio hilo likaandika mkwaruzo wa kuzunguka, mfupi.

"Keekee," alisema Teuila. "Anatoboa."

Ikarudi mashariki, ikasimama. Ikaja tena magharibi, ikatoboa. Mara kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa saa saba na dakika kumi na nne.

Ngaire alifungua nakala ya daftari la redio la kambi, aliyopewa kituoni. Mwandiko ulikuwa wa Kilgour. Saa sita kamili: Orbell, salama. Saa saba kamili: Orbell hajibu, naenda kumtafuta. Saa saba na dakika ishirini: ajali, naomba msaada.

"Shangazi," Teuila aliita. Sauti ilikuwa imebadilika. "Kuna kitu kingine."

Aliivuta mistari, akaikuza. Chini ya mtetemo wa pikipiki kulikuwa na vijiti vidogo sana, vimepangika. Vitatu. Nafasi. Vitatu. Nafasi. Vilianza dakika nane baada ya kuanguka.

"Hiyo haiwezi kuwa barafu," alisema Teuila. "Barafu haihesabu."

Ngaire alikumbuka ule weupe uliopondwa ukutani, ukubwa wa sahani. Aliinama karibu na skrini.

"Nitafutie kijiti cha mwisho," alisema. "Saa na dakika."

*

Dokta Kilgour alimpokea kwenye hema lake, akiwa ameketi mbele ya ramani. Miaka hamsini na minane, ndevu za mvi zilizokatwa vizuri, mikono safi. Ngaire aliweka kinasa sauti mezani, akamsomea haki zake kutoka kwenye kadi, neno kwa neno.

"Makubwa haya kwa ajili ya ajali," alisema Kilgour. "Hii ni mara yako ya kwanza kwenye barafu, Sajini, au ulishawahi kuiona kwenye friji?"

"Mara ya kwanza. Ndiyo maana nauliza mengi. Saa sita kamili uliandika Orbell yuko salama. Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Alisema nini?"

"Ukungu mzito, anaendelea na kazi."

"Sauti ilikuwaje?"

"Ya kawaida. Ya Hamish."

"Na ulitoka kambini saa ngapi?"

"Saa saba. Aliponyamaza."

Ngaire aliandika majibu yote mawili, akamgeuzia daftari. "Nimeyaandika sawasawa?"

Kilgour alisoma. "Sawasawa."

"Saini hapo chini."

Alisaini. Ngaire alikunja daftari, akatoa karatasi moja, akaitandaza juu ya ramani. Kilgour aliitambua mistari ile kabla hajasogeza miwani yake.

"Fundi wako hakuzima masikio," alisema Ngaire. "Orbell alianguka saa sita kasoro dakika nane. Saa sita kamili, unayosema alizungumza nawe kwa sauti ya kawaida, alikuwa mita kumi na nane chini ya theluji, paja limevunjika. Hakuitika redioni, nawe ukatoka, ukafika pale saa sita na dakika ishirini."

"Mtetemo hauna jina la dereva."

"Hauna. Pikipiki zilikuwa tatu. Moja ilikuwa kwenye boila na watu wawili. Moja ilikuwa ufani. Nitajie dereva wa tatu."

Upepo ulibonyeza ukuta wa hema, ukauachia.

"Bendera ulizihamisha lini kwenda mashariki?" aliuliza Ngaire.

Kilgour alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena. Aliposema, alisema na ramani.

"Siku moja kabla ya ukungu. Cathcart hakutaka hata kusikia. Kila nikimwambia mita mia tatu tu, ananionyesha wino mwekundu. Nimelitafuta bonde hili miaka kumi na tisa. Huu ulikuwa msimu wa mwisho tuliopewa, na zilibaki siku sita. Unajua mashapo yale yanamaanisha nini? Yakiwa manene namna ninavyodhani, barafu ya bara zima imekaa juu ya kitu kinachoteleza. Kuna visiwa vizima vya watu wanaosubiri kujua bahari itapanda kiasi gani. Kijiji cha babu yake Teuila ni kimojawapo."

"Hamish alijua kwamba zimehamishwa?"

"Aliambiwa afuate bendera."

"Nimeuliza kama alijua."

"Hapana."

"Teuila alijua?"

"Hakuna aliyejua."

"Tuje kwenye saa sita na dakika ishirini."

"Nilimwita." Sasa Kilgour alimtazama. "Nililala chini nikamwita kwa jina, mara tatu, mara nne. Hakuitika. Theluji inameza sauti, Sajini, muulize yeyote. Niliona pikipiki imelala ubavu. Nilijua amekufa. Mtu hawezi kuanguka pale akawa mzima."

"Ulishuka?"

"Peke yangu, bila mtu wa kushika kamba, ningekufa na mimi."

"Ulikuwa na redio kifuani."

Kilgour alikunja kona ya ramani.

"Mtu amekufa, hana haraka tena," aliendelea Ngaire. "Ndivyo ulivyojiambia. Ukaona una nafasi ya kurudisha bendera kabla ya kuita watu."

"Nilifikiri juu ya kazi. Kama ingejulikana, takwimu zote zingetupwa. Kifo chake kisingekuwa na faida kwa mtu yeyote."

"Ukatoboa mashimo kumi na moja."

"Nimekwambia nilijua amekufa."

Ngaire aliweka kidole kwenye karatasi, chini ya vile vijiti vidogo, vitatu na vitatu. Hakukuza sauti.

"Hii ni spana ya pikipiki kwenye ukuta wa barafu. Alianza kabla hujafika, na pengine alisikia injini yako, akaendelea. Kelele za mtu hazipiti kwenye theluji, umesema kweli. Mgongano wa chuma na barafu unapita, na yeye alilijua hilo, maana ndiyo kazi mliyomfundisha. Alikuwa anapiga ili masikio yasikie. Hakujua kama yamewashwa."

Kilgour aliitazama karatasi. Midomo yake ilikuwa ikihesabu bila sauti.

"Mpaka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa saba na dakika tano."

Ngaire alisubiri aelewe. Kisha akamwambia, kwa sababu ilikuwa haki yake kuambiwa na ingesomwa mahakamani vilevile.

"Ulikuwa unatoboa shimo la tisa."

*

Helikopta ilikuja saa kumi kasoro robo. Rubani hakutaka kutua karibu na mahema, akatua mita mia nne kaskazini. Ngaire alitia kinasa cha Teuila kwenye mfuko wa ushahidi, akaufunga kwa lakiri, akaandika saa na jina lake juu yake. Teuila alisaini kama shahidi. Alisema ataandika sura yake ile hata kama hatapata tena msimamizi, na Ngaire akamwambia amtafute yeye atakapohitaji barua ya ushahidi kwa chuo.

Bryn alikuwa nje. Ngaire alimweleza kwa ufupi, wamesimama: njia yake ilikuwa safi, wino mwekundu ulikuwa mahali pake, rada haikukosea, na yeye hakukosea. Alimweleza na yale mengine, kwa kuwa angeyasikia tu. Bryn alisikiliza akiwa ametazama chini. Ngaire alipomaliza, Bryn aliuliza jambo moja.

"Ningeitwa saa sita na dakika ishirini, ningefika saa saba kasoro kumi. Ningemkuta hai."

"Ungemkuta hai."

"Mama yake utamwambia?"

"Nitakwenda Otautau mwenyewe. Nitamwambia alifuata njia aliyoonyeshwa."

Bryn alitikisa kichwa mara moja kukubali. Mlango wa hema ulifunguliwa, Kilgour akatoka amevaa koti lake la safari, begi mkononi, akasimama pale kama mgeni asiyejua aelekee wapi. Kati yake na helikopta palikuwa na theluji mpya ya upepo, na tangu kifo kile amri ya kambi ilikuwa hakuna anayepita juu yake pasipo kamba.

Kisha Bryn alikwenda kwenye sleji ya kukokota mizigo, akachukua mkanda wa usalama na kamba, akarudi. Alipiga magoti mbele ya Kilgour, akampitishia mkanda mapajani na kiunoni, akafunga kibano, akapitisha ncha ya kamba, akafunga fundo. Kilgour alifungua mdomo kutaka kusema. Bryn hakumtazama usoni.

Alilivuta fundo kuhakikisha limeshika. Akalivuta tena. Kisha akajifunga ncha ya pili yeye mwenyewe, akachukua fimbo ya chuma, akatangulia mbele akichoma theluji hatua kwa hatua.